Bolti Iliyokatika

Fundi Simeo hakutaka kuigusa injini kabla ya chai, na Mkaguzi wa Polisi Yuditha Hiza hakuwa na muda wa chai. Ilikuwa Jumanne, saa tatu kasorobo asubuhi. Saa nane mchana, kule Handeni, Faraji Mhina angesimamishwa mbele ya hakimu na kusomewa shtaka la kumuua baba yake. Jalada aliliandaa Yuditha mwenyewe. Alikuwa amekuja Korogwe kwa jambo moja tu: mwendesha mashtaka alitaka maandishi ya fundi yanayosema injini iliharibika kwa kukosa oili.

"Ukurasa mmoja unatosha, fundi," alisema.

"Ukurasa naandika nikishaona. Wewe mtoto wa Bungu, kwenu milimani mnakata kabichi kabla haijafunga?"

Koplo Hussein, dereva wake, alicheka, kisha akaona uso wa mkubwa wake akaacha.

Injini ilikuwa juu ya meza ya mbao, imefungwa kamba yenye lakiri ya polisi. Ilikuwa ya pikipiki ya Kiingereza ya mwaka 1958, iliyoachwa na meneja mmoja wa shamba la mkonge na kununuliwa na fundi mitambo wake. Fundi huyo alipokufa akairithi mwanawe, Mwalimu Sabiri, ambaye aliipaka rangi nyeusi, akaing'arisha chuma chake, na kuiendesha kila Jumamosi kwenda ukweni kwake Misima. Kiwanja kizima cha mafundi Korogwe kiliijua. Kiliijua pia kwa alama za oili ilizoacha kila iliposimama.

Jumamosi iliyopita, saa tisa alasiri, Sabiri alikuwa akimleta mkwewe, Mzee Mhina, Korogwe kupimwa macho. Kwenye mteremko karibu na Sindeni injini ilinoki, ikakwama, tairi la nyuma likajifunga, pikipiki ikaanguka juu ya mawe ya mtaro. Mzee Mhina alikufa palepale. Sabiri alivunjika mguu.

Yuditha alifika eneo la tukio saa kumi na moja. Chini ya injini aliona tundu tupu pale panapokaa bolti ya kumwagia oili. Jirani wa Misima akamwambia kwamba asubuhi ile alimwona Faraji, mtoto wa marehemu, amepiga magoti chini ya pikipiki akiwa na spana. Watu watatu wakasema kwamba asubuhi hiyohiyo Faraji alimtishia shemeji yake: "Ukimpandisha baba kwenye takataka hii, tutaonana." Kufikia saa mbili usiku Faraji alikuwa mahabusu.

Simeo alimaliza chai, akasuuza kikombe, akavaa miwani. Alimulika tundu la bolti kwa tochi ya simu. Akachukua waya mwembamba, akatoa tope, akamulika tena.

"Nani alikwambia bolti ilifunguliwa?"

"Haipo."

"Kutokuwepo si kufunguliwa. Njoo."

Yuditha akainama. Ndani ya tundu, nyuma ya tope alilokwangua fundi, kulikuwa na duara la chuma linalong'aa, limejaa tundu lote.

"Hilo ni shina la bolti," Simeo alisema. "Nusu imebaki ndani. Kichwa kimegongwa na jiwe kikakatika wakati wa kuanguka. Ukifungua bolti kwa spana, inatoka nzima. Jumamosi hukuliona hili?"

"Kulikuwa na tope."

"Tope lipo hata leo. Nimelitoa."

Hussein alijishughulisha na kidole gumba chake. Yuditha akaandika: *bolti imekatika, haikufunguliwa.* Mwandiko ulikuwa sawa na wa siku zote.

"Barabarani uliona oili?" fundi akauliza. "Kama ilivuja njiani, ungeona mstari kutoka Misima mpaka pale."

"Sikuangalia barabara. Niliangalia pikipiki."

Simeo aligeukia kifuniko cha ubavuni, akapitisha kidole kwenye skrubu zake moja moja.

"Hii si kazi yangu. Tazama vichwa vya skrubu, vimeliwa. Kafungua mtu mwenye kisu cha jikoni, au bisibisi isiyo saizi yake. Na hapa ukingoni, hiki chekundu unakionaje?"

"Mpira?"

"Silikoni. Ya kwenye tyubu. Wanapaka badala ya gasketi. Mimi injini hii naiwekea karatasi ninayokata mwenyewe kwa mkasi, kidogo kidogo, na bado inatoka jasho. Ndivyo ilivyozaliwa."

Alifungua skrubu, akagonga kifuniko kwa mpini wa nyundo. Kilitoka kwa shida. Silikoni ilikuwa imepakwa nene kama siagi kwa mkate wa mgeni. Iliyozidi ilikuwa imejikunja kwenda nje na kwenda ndani. Simeo alionyesha tundu dogo, upana wa kijiti cha kiberiti, ambalo oili hupita kutoka kwenye pampu kwenda kwenye mashine. Aliingiza kibano, akavuta taratibu. Ulitoka ulimi mwekundu, mrefu kiasi cha kucha.

"Ulianza kwa kuning'inia pembeni," alisema. "Injini ilipopata moto ukakatika, ukaingia tunduni. Tangi lina oili, pampu inafanya kazi, lakini mashine inakufa kwa kiu. Andika hivyo. Sasa karatasi yako nitakuandikia, hata kurasa mbili."

Yuditha aliutia ule ulimi ndani ya mfuko wa plastiki, akaandika tarehe na saa. Kisha akauliza swali ambalo Jumamosi hakuliuliza.

"Pikipiki hii mnyororo wake umekazwa lini?"

Simeo alikwenda kwenye fremu iliyoegemezwa ukutani, akachunguza gurudumu la nyuma. "Majuzi tu. Alama za spana ni mpya, chuma hakijashika hata kutu. Na umekazwa vizuri, na mtu anayejua."

Faraji, dereva wa bodaboda, alikuwa ameandika hivyo hivyo kwenye maelezo yake: nilikaza mnyororo kwa sababu baba alikuwa anapanda. Katika ukurasa huohuo kulikuwa na sentensi nyingine: *siku hiyo haikudondosha oili kabisa, nilishangaa.* Yuditha aliwahi kuipigia mstari sentensi hiyo kama dalili ya uongo.

"Silikoni hii inauzwa na nani?"

"Kila duka la vipuri. Hutampata kwa njia hiyo. Ila ikiwa mbichi inanuka siki, siku mbili nzima. Chumba chote." Simeo alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaendelea kuifuta ilhali ilishakuwa safi. "Mwalimu alikuja hapa, wiki mbili zilizopita. Aliniomba nizuie oili kabisa, isidondoke hata tone. Nikamwambia anunue pampasi aivalishe. Walikuwepo vijana, wakacheka. Na mimi nikacheka."

"Hukuniambia hilo."

"Hukuniuliza. Na mimi sikutaka kuulizwa."

---

Hospitalini, Chausiku alikuwa bombani akisafisha bakuli la mumewe, Mwalimu Sabiri. Alikuwa binti wa marehemu na dada wa mtuhumiwa. Jumapili alimzika baba yake, na Jumatatu alfajiri alirudi Korogwe kumhudumia mgonjwa.

"Pole na msiba, mama."

"Nimeshapoa, afande. Umekuja kunipa habari za kaka yangu?"

"Bado. Wiki iliyopita, nyumbani kwenu, kuna siku palinuka siki?"

Chausiku aliacha kusugua. "Chumbani, anamolaza pikipiki. Jumatano, mpaka Alhamisi jioni. Umejuaje? Nilimuuliza Mwalimu kama kuna mwanamke anampikia achari. Akasema ni dawa ya viatu. Nikamwambia, viatu gani hivyo vya kuliwa na pilau?" Alianza kutabasamu, kisha tabasamu likaondoka. "Siki inahusiana nini na Faraji?"

"Naomba dakika kumi na mumeo. Peke yetu."

Sabiri alikuwa kitanda cha mwisho, mguu umening'inizwa. Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, ndevu zake zimechongwa vizuri hata pale kitandani. Yuditha aliuweka mfuko wa plastiki juu ya shuka, karibu na mkono wake.

"Mwalimu, unafundisha somo gani?"

"Fizikia."

"Hiki ni nini?"

Sabiri alikitazama, akageuza uso ukutani.

"Kilitolewa kwenye tundu la oili," Yuditha alisema. "Skrubu zilifunguliwa kwa kisu. Chumba chako kilinuka siki tangu Jumatano. Fundi Simeo alikataa kazi. Niambie wewe, au niseme mimi?"

"Sema wewe. Ndivyo ulivyozoea."

Yuditha alifungua ukurasa mpya wa daftari. Akangoja.

"Siku ya Idi," Sabiri alisema, bado anautazama ukuta, "niliiegesha pale uani kwa mkwe wangu. Wakatandika mikeka. Hakuna aliyeona oili. Shehe akaja akakaa. Alipoinuka, kanzu yake nyuma ilikuwa nyeusi hivi. Watu wote kimya. Mzee Mhina akacheka, akasema, 'Mkwe wangu ni kama dume la mbuzi, hapiti mahali asiache alama.' Akacheka peke yake ili nisione aibu. Mama mkwe akaleta beseni, akaliweka chini ya pikipiki, hakunitazama. Kuanzia siku hiyo, nikiingia tu, beseni linaletwa. Afande, mimi pale hata kukohoa napima."

"Ukanunua silikoni."

"Nikapaka. Niliona kidogo hakitoshi. Nikaongeza." Alifumba macho. "Ilikauka kabisa. Jumamosi nilipofika Misima beseni likaletwa, na likabaki kavu. Mzee akaliona. Akasema, 'Leo nitapanda na wewe.' Alikuwa amekubaliana na Faraji ampeleke kwa bodaboda. Akabadilisha kwa ajili yangu."

Yuditha aliandika mpaka nukta ya mwisho.

"Kwa nini ulisema Faraji alifungua bolti?"

"Sikusema."

"Iko kwenye maelezo yako."

"Fungua usome. Jumamosi ulinikuta nimetoka kuungwa mguu. Ukaniambia bolti imefunguliwa. Ukaniambia Faraji kaonekana chini ya pikipiki. Kisha ukaniuliza, ni kweli alikuwa chini ya pikipiki? Nikasema kweli. Ukaniuliza, ni kweli alikutishia? Nikasema kweli. Wewe uliandika kabla sijafungua mdomo."

Yuditha alifungua daftari kwenye ukurasa wa Jumamosi. Maswali yalikuwa mawili, na kila moja lilikuja na jibu lake ndani. Aliyasoma mara mbili. Ni kosa ambalo huwafundisha makonstebo wapya kuliepuka wiki ya kwanza.

"Ni kweli," alisema. "Lakini ulijua, na ulinyamaza siku tatu."

"Nilinyamaza."

"Faraji hakumzika baba yake."

"Najua. Chausiku alinieleza huku analia. Nikambembeleza." Mkono wake ulikishika kile kifuko, ukakiachia. "Mwandikie hakimu chochote. Usimwambie Chausiku."

"Maelezo haya kaka yake ana haki ya kuyajua, na atayasema. Mwambie mwenyewe. Nitasimama mlangoni dakika tano."

Alimpisha Chausiku akaingia, akasimama akiwapa mgongo. Hakusikia maneno. Alisikia bakuli likiwekwa chini, polepole. Muda mfupi baadaye Chausiku alitoka, kapu begani, akampita.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Misima. Kuna msiba wa baba yangu."

"Na mgonjwa?"

"Ana manesi." Alipofika kwenye ngazi akageuka. "Na gari lenu sipandi. Nitapata usafiri."

---

Saa tano na dakika arobaini Yuditha alimpigia mwendesha mashtaka.

"Faraji Mhina asipelekwe kwa hakimu."

"Kwani fundi kasemaje?"

"Bolti haikufunguliwa, ilikatika kwa kuanguka. Aliyepaka silikoni amekiri. Nilikosea tangu eneo la tukio."

"Mkuu wa upelelezi anajua?"

"Nampigia baada yako."

Baada ya simu ya pili walianza safari ya kurudi Handeni. Hussein aliendesha mpaka walipopita Sindeni ndipo akasema, macho barabarani.

"Afande, kuna jambo la Jumapili sikuliweka kwenye ripoti."

"Ulitumwa kutazama waombolezaji."

"Niliwatazama. Kisha shehe akauliza nani anaingia kaburini badala ya mtoto. Wajomba walikuwa wawili, mmoja kila upande, na wa tatu hakuna. Watu wakatazamana, wote walikuwa wanamfikiria Faraji. Nikaingia mimi."

Yuditha alitazama nje mpaka mteremko ukaisha.

---

Faraji alitolewa mahabusu saa saba na robo. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita. Jumamosi alikuwa amemwamkia Yuditha shikamoo. Leo hakumwamkia. Alisimama mbele ya kaunta akapokea simu yake, mkanda na ufunguo wa bodaboda.

Yuditha alimsomea matokeo kwa ukamilifu: bolti, silikoni, nani aliipaka na kwa nia gani, mnyororo na alama zake za spana. Alimaliza kwa kusema, "Hukutenda kosa. Mimi nilikosea."

"Jumapili nilikuomba," Faraji alisema.

"Uliniomba."

"Nilisema nifungeni pingu, mikono na miguu. Nizike, nirudi."

"Nilikataa. Niliandika kwamba unaweza kutoroka."

"Nitoroke kaburi la baba niende wapi, mama?"

Faraji alifunga mkanda, akakosa tundu, akafunga tena.

"Nani aliingia badala yangu?"

Hussein alikuwa mlangoni. "Mimi."

Faraji alimgeukia. Alimtazama kuanzia kofia hadi chini. "Ulivua viatu?"

"Nilivua."

"Ulimshika wapi?"

"Miguuni. Wajomba walishika juu. Hatukumyumbisha."

Faraji aliitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu aliyepokea mzigo na kuuhesabu umekamilika.

Yuditha alivuta kitabu cha mahabusu. Kwenye safu ya sababu ya kuachiwa alikwisha kuandika *Ushahidi hau* kabla Faraji hajainama juu ya kaunta.

"Unaandika hautoshi."

"Ndivyo inavyoandikwa siku zote."

"Kwetu tunajua maana yake. Hautoshi maana yake alifanya, ila ana bahati. Mama yangu yuko eda, yuko ndani, anasikia kila anayepita dirishani. Nitamwambia ushahidi hautoshi?"

Yuditha alikata mstari, akaandika neno moja: *Hakutenda.* Akasaini, akageuza kitabu kijana asome.

"Vizuri," Faraji alisema. "Lakini Misima hakuna mtu anayekuja huku kusoma kitabu chako. Leo siku ya tatu, kuna hitima, watu wote wapo. Njoo useme."

"Nitakuja."

"Uwe mbele. Mimi nitakaa nyuma yako."

---

Walifika baada ya swala ya alasiri. Turubai la bluu lilikuwa limefungwa kati ya nyumba na mpapai, wanaume chini yake, wanawake upande wa jikoni. Kisomo kilikuwa kimekwisha, sahani za wali zikipitishwa. Mtu wa kwanza kumwona Faraji aliacha tonge mkononi. Ukimya ukatambaa kutoka mkeka hadi mkeka, hadi jikoni.

Yuditha alikuwa amejitanda kitenge kichwani. Alivua viatu ukingoni mwa mkeka wa kwanza. Mjomba mmoja wa Faraji, mzee mwenye fimbo, alimwonyesha nafasi.

"Karibu, binti yangu. Keti kwanza, ule."

"Asante, mzee. Nikiketi sitasema."

Nyuma yake Faraji alikuwa ameshachuchumaa, kichwa chini. Chausiku alisimama mlango wa jikoni, kapu bado begani, amefika punde tu. Dirisha la chumba cha uani lilikuwa wazi nusu, na ndani yake kulikuwa na ukingo wa nguo nyeupe.

"Mimi naitwa Yuditha Hiza," alisema. "Ni mkaguzi wa polisi. Jumamosi nilimkamata Faraji kwa kosa la kumuua baba yake. Hakufanya. Alichofanya asubuhi ile ni kukaza mnyororo ili baba yake asafiri salama. Nilitazama vibaya, nikauliza vibaya. Alipoomba kuja kuzika nikamkatalia, na sikuwa na sababu. Kosa ni langu, si lake."

Kuku alipita kati ya sahani na hakuna aliyemfukuza. Kisha sauti ya bibi mmoja ikatoka upande wa jikoni, kavu, isiyo na hasira.

"Mwanangu, sema tena. Huku kwa wanawake hatukusikia. Na mfiwa yuko ndani."

Yuditha aligeuka akalielekea dirisha. Akapandisha sauti, akaanza upya, kutoka kwenye jina lake.